Kishoka cha Fundi Cherehani

Tangu mumewe azikwe, fundi cherehani alikuwa akiimbiwa wimbo mmoja na shemeji yake, mdogo wa marehemu: funga nyumba, njoo ukae na sisi. Mara ya mwisho shemeji alimkuta uani akihangaika na shoka la marehemu, zito kama kosa, gogo halina hata mkwaruzo. Akacheka, akasema kama kuni tu zinamshinda, nyumba nzima ataiwezaje? Jumamosi angekuja na gari wayamalize.

Maneno yale yalimchoma. Aliipenda nyumba yake, na aliyeshona suti za wakubwa hawezi kushindwa na kipande cha chuma. Akajifunga kibwebwe.

Shoka la marehemu hakuligusa tena. Kwenye boksi la vyuma chakavu alipata kichwa cha kishoka kilicholiwa na kutu, akakiloweka kwenye siki, akakisugua kwa msasa, akakinoa kwa tupa mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono. Mpini akauchonga kwa tawi kavu la mpera. Ulipokwisha, kiganja chake hakikuweza kuuzunguka, na hapo ndipo alipogundua kwamba muda wote alikuwa akiukadiria kwa mkono wa mumewe. Akakaa chini akalia, na hakukuwa na wa kumwambia nyamaza. Kisha akauchonga upya, safari hii akiufumbata kila baada ya kuukwangua, kama apimavyo kiuno cha mteja msumbufu.

Akagongomea kabari, kichwa kikakaa. Angeweza kuishia hapo, lakini fundi ni fundi. Akapasha msumari moto kwenye makaa, akauchora mpini kwa kuunguza: mshono ulionyooka, mshono wa zigizaga, kisha maua kama ya pindo la shuka. Moshi ukamwingia machoni. Alizungumza na kishoka kwa kukosa mwingine, akikiambia kitulie, bado kidogo. Alipokipaka mafuta kikang'aa, alitamani mtu apite tu amwambie kimependeza. Hakupita mtu.

Jumamosi ikafika. Alikuwa amejiandalia majibu: la kwanza la upole, la pili kali, la tatu la machozi ikibidi. Shemeji aliposhuka garini alimkuta akipasua kuni, vipande vinaruka huku na huku. Akaomba kishoka, akakigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya mishono. Akacheka tena, lakini safari hii bila kejeli.

"Basi, shemeji. Nimekubali, unajiweza. Sitakusumbua tena."

Akamrudishia kishoka, akaingia garini. Mjane akabaki na majibu yake yote matatu mdomoni. Alikuwa ameshinda, na ushindi ule ulimtia hofu. Katika watu wote waliobisha hodi mlangoni pake, ni huyu peke yake aliyekuja bila nguo ya kushonwa. Akalifuata gari mbio, akainama dirishani.

"Shoka lenu kule nyumbani, mpini wake haujalegea? Niletee nilitazame. Hata wiki ijayo. Nitautia na maua."

Shemeji akafikiri kidogo, asije akamkosea.

"Sisi tunapikia gesi, shemeji," akasema, akaachia breki.