Amri za Akiror

Kufikia saa mbili asubuhi Akiror alikuwa ameng'oa vitufe vya kibodi tatu na kuviloweka kwenye beseni la sabuni ya unga. Nje, malori ya kuvukia Uganda yalikuwa yamejipanga tangu alfajiri, na kila moja liliposogea lilirusha vumbi lake hadi ndani ya duka. Kibodi tatu kufa kwa mpigo kungemshangaza mtu mwingine, lakini si mtu wa Malaba. Alipozigeuza juu chini lilimwagika vumbi la kutosha kupanda sukumawiki.

Zilikuwa zimechagua siku mbaya. Mulama, mwenye duka, alikuwa na kompyuta tatu za kuchapia karatasi za madereva. Windows zake, za kunakiliwa kama za maduka mengi, zilijifunga wiki iliyopita, na za halali hakuweza kununua. Akatafuta mtu wa vyuma chakavu.

"Ikifika saa sita na hakuna mashine inachapa, huyo jamaa anabeba," alimwambia Akiror. "Na wewe urudi Amukura ukalime."

Akiror hakutaka kulima. Alitaka Linux. Elungat, fundi wa kompyuta wa upande wa Tororo, alimwachia programu hiyo kwenye flash pamoja na karatasi mbili za amri zake. Ni ya bure. Hiyo aliyoachiwa haina vipicha wala kipanya. Ni skrini nyeusi unayoiandikia unachotaka, nayo inatii. Jana aliiweka kwenye mashine ya kwanza. Leo ikamwuliza jina, akaandika, likatokea. Ikamwuliza neno la siri, akaandika, pasitokee hata nukta. Akabadilisha kibodi, kimya. Ya tatu, kimya. Ndipo akaleta beseni.

Sasa akampigia Elungat.

"Keyboard zote zimekufa, boss. Nimeziosha, nangoja zikauke."

"Umeosha nini?" Elungat alicheka mpaka akakohoa. "Nyabo, dada yangu, hiyo password haionekanangi! Inaficha watu wa kuchungulia. Andika tu, alafu gonga Enter."

"Yaani ilikuwa inaniskia wakati wote?"

Aliona aibu, lakini furaha ilimwahi. Akafuta vitufe kwa leso, akavirudisha kimoja kimoja, vingine kwenye kibodi isiyo yake. Akaandika neno la siri gizani, akagonga Enter. Mlango wa mashine ukafunguka.

Akaandika ls, mashine ikamworodheshea mafaili yake. Akaandika pwd, ikamwambia yuko wapi. Herufi mbili tatu tu, na lile sanduku la vumbi linajibu! Akaita printa kwa kufuata karatasi ya Elungat, akakosea, akatukanwa kwa Kiingereza na skrini, akarudia. Dereva mmoja aliyekuwa amechoka kungoja akampa flash yenye karatasi za mzigo wake. Akiror akaandika lp, yaani chapa, na jina la faili. Printa ikakoroma, ikatema karatasi safi kabisa.

"Imetoka!" Akiror aliruka, nusura apige teke beseni.

"Sasa wewe ni engineer," dereva akasema.

Mulama alipigiwa simu, hakuamini, akasikilizishwa printa ikinguruma, akamwambia mtu wa vyuma chakavu asije. Ilikuwa saa nne na nusu. Akiror hakukumbuka siku nyingine aliyofurahi hivyo akiwa kazini.

Saa tano akaingia Okwara, mkaguzi wa biashara, faili kwapani.

"Risiti ya programu?"

"Hii ni ya bure, mzee. Hainunuliwangi."

"Hakuna kitu ya bure. Kama haina risiti ni ya wizi."

Akiror akamfungulia leseni yenyewe kwenye skrini, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kuigawa. Okwara akasoma mistari miwili.

"Hii haina stempu," akasema. "Nafunga duka. Ama tuongee."

Akiror alijua maana ya kuongea. Miaka minne duka lilipotumia Windows ya wizi kweli, Okwara alipewa chai na Mulama kila mwezi, na hakuwahi kuulizia risiti. Ghadhabu ilimpanda Akiror.

"Mimi sina ya kuongea, mzee. Funga."

Okwara akasita. Akavuta kiti, akashusha sauti.

"Sasa, hiyo notisi ya kufunga lazima ichapwe. Mashine ya ofisi imejifunga tangu Jumatatu, inaleta tu skrini ya blue. Nichapie hapa. Copy tatu."

Akiror akamtazama, akadhani anatania. Hakuwa akitania. Okwara akaanza kumsomea maneno: kwamba vifaa vya duka hili havina programu halali, kwamba havifai kwa kazi. Akiror akayaandika yote, vidole vikikimbia, bila kosa hata moja. Mwisho akaandika lp, akaongeza idadi ya nakala, akagonga Enter.

Printa ikatoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikatoa ya nne.

"Nimesema tatu," Okwara akasema.

"Hii ni yangu."

Akiror akaipaka gundi, akatoka nayo, akaibandika ukutani mbele ya madereva waliokuwa kwenye foleni.

"Nataka watu waone venye hii mashine inachapa."