Mabomba Aliyoagiza Nchagwa

Jumanne tarehe 12 Machi 2024, mume wangu Nchagwa aliondoka nyumbani Kisaka saa tatu asubuhi kwenda kuwachukua wauguzi wa chanjo waliokuwa Nyambureti. Mvua ilianza saa tano. Alisimamisha gari kando ya barabara ili ipungue, akafunga vioo, akaacha injini inaunguruma kwa sababu gari lile likizimwa kwenye baridi lilikuwa gumu kuwaka. Watu waliojikinga kwenye kibaraza cha duka walimwona ameinamia usukani. Mmoja alisema, "Mwacheni apumzike, huyo hana siku ya kulala." Mvua ilipokatika, saa nane, ndipo walipomgongea kioo.

Daktari alisema ni moshi.

Gari letu ni Mkonga, lile gari refu la porini lenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Ni la petroli na ni la zamani. Manifoldi yake, yaani kile chuma kizito kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye ekzosi, ilikuwa na ufa tangu Oktoba. Ukifungua boneti ulisikia tak-tak-tak. Moshi ulitokea pale, ukaingia ndani kupitia chini ya pedali ambako mpira ulishaoza. Tulijua. Ninaliandika hili nisije siku moja nikalipamba. Tulijua, na tulikuwa tunabishana.

Mimi nilitaka manifoldi nyingine ya kiwandani. Tarime kulikuwa na moja nzima, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Yeye alitaka yale mabomba membamba yaliyopindwa, ambayo vijana wa Sirari wanayaita hedazi.

"Manifoldi ni ya wazee," aliniambia. "Kwenye hedazi kila silinda inapumua kwa bomba lake. Kile kilima cha matope cha Issenye utakipanda huku unaimba."

"Na majani je? Bomba jembamba linashika moto hadi linakuwa jekundu. Tukipita kwenye majani makavu tutachoma malisho ya watu."

"Umekuwa mwalimu wa fizikia?"

"Nilipata C."

"Basi C yako iendeshe gari."

Tulicheka. Kila mara iliishia hapo, kisha anasema, "Wiki moja tu, Mama Neema. Yakifika tunafunga." Alisema hivyo Novemba. Alisema hivyo Januari. Ningeweza kupanda basi kwenda Tarime kuileta ile manifoldi mwenyewe, sikwenda. Nilikuwa nasubiri akubali kwamba mimi ndiye niko sahihi.

Hedazi zilifika siku tisa baada ya mazishi. Dereva wa bodaboda alizileta zimefungwa kwenye magunia, akauliza mwenyewe yuko wapi. Waisiko, mama mkwe wangu, alizifungua akapitisha mkono juu ya yale mabomba, akaniuliza moshi unaingilia upande gani na kutokea upande gani. Nilimwonyesha. Akaomba zilale chumbani kwake.

Baada ya hapo ukoo ulikaa kugawa alivyoacha marehemu. Sikuwa na la kusema kuhusu ng'ombe wala shamba. Nilichotaka ni gari. Mimi nina leseni, na wauguzi walikuwa tayari niendelee na safari zao. Kadi ya gari ikiandikwa jina langu, ningehamia Mugumu na Neema, binti yetu, nikajitegemea. Isipoandikwa, ningebaki kwenye boma la Zablon, kaka mkubwa wa Nchagwa, na kila safari yangu ingeanza kwa kumwomba ufunguo.

Zablon si mtu mbaya. Alisimama akasema mbele ya wazee, "Shemeji, sina shida. Mke anayetunza alichotaka mume wake bado yuko nyumbani kwa mume wake. Funga mabomba ya ndugu yangu kama alivyotaka, kadi nitaisaini mwenyewe. Lakini ukiyatupa, utakuwa umeanza nyumba yako nyingine, na gari la nyumba hii litabaki kwa nyumba hii."

Wazee wakaona ni maneno ya haki. Hata mimi niliona hivyo.

Tulipeleka gari Mugumu kwa fundi Desderius, Mhaya aliyekaa kwetu miaka mingi hadi akajua kutukana kwa Kikurya. Zablon alikuja, na Waisiko akaomba aje. Desderius alimwamkia shikamoo, akamtafutia kiti. Kisha akafungua ile manifoldi yenye ufa, akaziinua hedazi, akazijaribisha, akazitoa. Akajaribisha tena.

"Mama Neema, hizi zilitengenezwa kwa gari la usukani wa kushoto. Kwetu huku bomba hili la nyuma linapita pale pale penye nondo ya usukani."

"Sasa?" Zablon aliuliza.

"Sasa hazikai, mzee."

"Gonga, mura. Nyundo si unayo?"

"Nikigonga nitalibonyeza bomba."

"Wewe libonyeze. Limekukosea nini hata ulihurumie?"

Watu wa gereji walicheka. Desderius alinitazama, nami nikamwambia agonge. Alilibonyeza mpaka kidole kikapita kati ya bomba na nondo, akafunga gasketi mpya na mpira mpya chini ya pedali, akaniambia niwashe.

Sauti ilikuwa kama Nchagwa alivyoieleza miezi yote ile, nzito na safi, bila tak-tak. Zablon alipiga makofi. "Sikia! Huyo ni ndugu yangu anaongea!" Waisiko alijifunika uso kwa khanga. Mimi nilishika usukani nikalia, na kwa muda ule nilitaka kumwambia Nchagwa kwamba nimekubali, ameshinda.

Nilitoka barabarani kujaribu. Kwenda nilikwenda vizuri. Kilima cha kwanza gari lilikipanda bila kuhema. Kwenye kona ya kulia, injini ikiwa imepata moto, usukani ulifika nusu ukakwama. Niliuvuta kwa mikono yote miwili. Haukuja. Nilikanyaga breki gurudumu likiwa ukingoni mwa mtaro, na mbele yangu mama mmoja mwenye ndoo amesimama akinikodolea macho.

Ilibidi nirudi gereji kwa kukata kushoto tu.

"Kata kushoto mara tatu, utakuwa umeenda kulia," Zablon alisema, na watu wakacheka tena. Nilicheka pia. Sikujua la kufanya na uso wangu.

Desderius hakucheka. Aliingia chini ya gari, akatoka akiwa amejiunguza. "Likipoa linapita. Likipata moto linatanuka, linagusa. Nikilibonyeza zaidi litapasuka, na moshi utaingia ndani."

"Atakwenda polepole," Zablon alisema.

"Mzee, kona haijui polepole."

Alinivuta pembeni. Nikamwambia nilichokuwa nikiwaza: niendeshe nazo hivyo hivyo wiki moja tu, Zablon asaini, kisha nirudi azitoe. Safari ya kwanza ya wauguzi ilikuwa Ijumaa, moja tu.

Wiki moja tu. Niliyasikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu.

"Zitoe," nilisema.

"Na kadi?"

"Zitoe, Desderius. Funga ile ya Tarime."

Nilikwenda kumwambia Zablon mwenyewe. Nilitegemea agombe. Alitazama chini, kisha akasema taratibu, "Umechagua, shemeji. Sitakufukuza. Lakini niliyosema mbele ya wazee siwezi kuyameza." Niliona kwamba na yeye amefungwa na maneno yake kama mimi.

Aliyeniumiza ni Waisiko. Hedazi zilipotolewa na kupoa aliziweka mapajani, nguo yake nzima ikaingia masizi.

"Ulizikataa akiwa hai," alisema. "Amekufa, unazikataa tena."

"Ndiyo, mama."

"Ungezikubali mapema angekuwepo."

"Au yeye angeikubali ile ya kiwandani, mama."

Nilijuta kabla sijamaliza. Tulirudi Kisaka kwa basi, mimi na yeye kwenye kiti kimoja, hedazi ziko miguuni pake.

Alhamisi nilikwenda Tarime, kwa ile safari niliyoiahirisha tangu Oktoba. Desderius alifunga manifoldi kwa stadi mpya, zile bolti zisizo na kichwa, akamwaga maji ya sabuni kwenye kila kiungo huku injini inaunguruma. Hakuna povu lililotoka. Gari likawa kimya, halina nguvu za ajabu, na linakata kona zote.

Jumatatu iliyofuata, kwenye ofisi ya kata, niliweka saini kwamba sina dai juu ya gari.

Nawapeleka wauguzi Nyambureti Jumanne na Ijumaa. Kadi ya gari ina jina la Zablon, na ufunguo nauchukua kwake saa moja asubuhi na kuurudisha kabla jua halijazama.