Shuka Iliyoandikwa

Jumamosi saa tatu asubuhi, Nerima alipanda kwenye paa la ploti yao, jumba la kupanga huko Kayole, kuanua nguo. Kwa shuka ya mamake kulikuwa na maandishi ya bluu: Umewahi kujifungua? Ndiyo. Mtoto yuko wapi? Tuko naye. Ananiita dada.

Ni majibu ambayo Nerima mwenyewe alikuwa amejaza kwa simu, kwenye fomu ya kliniki.

Nguo za kamba zingine pia zilikuwa zimeandikwa. Suruali ya Abdirizak wa duka ilitaja dawa anazomeza. Wanawake walisoma, wakakunja, wakalaumu sabuni za siku hizi. Nerima alifua shuka mara nne. Wino haukutoka.

Dedan, mwenye saiba, duka la intaneti pale chini, alimweleza bila kuinua macho. Ile plagini, programu ndogo inayoendesha fomu kwenye tovuti ya kliniki, haiulizi anayefungua ni nani. Mtu yeyote mwenye linki anapata majibu ya watu wote.

"Kufuli iko," alisema, "lakini imening'inizwa tu."

Kliniki walipopigiwa walisema wamesikia, watashughulikia.

Ayuma, mtoto huyo wa kwenye shuka, alikuwa na miaka minne. Mamake Nerima alimlea kama kitinda mimba wake, na ploti nzima ilimuita huyo mama, Mama Ayuma. Walihama Huruma, walikojulikana, mtoto akiwa na wiki mbili ili iwe hivyo.

Jumapili wakitoka kanisani, walikutana na jirani yao Mama Wanja kwa ngazi. Alimpita mama, akamshika Nerima mkono, polepole, kama mtu anayetoa pole.

"Habari yako, Mama Ayuma."

"Mzuri," mama akajibu kwa mazoea, kisha akauona mkono wa Nerima ulioshikwa.

Ayuma aliwatazama mama na Nerima. "Mama Ayuma ni nani?"

Mama alipekua mkoba akitafuta ufunguo, na ufunguo alikuwa ameushika.

Jumamosi iliyofuata maandishi yalikuja tena, na ya watu wapya, kwa sababu fomu ilikuwa bado inapokea. Wanawake walikuwa wameshaanza kuanika nguo zikiwa zimegeuzwa ndani nje, ili yasisomeke.

Ayuma hakumuita tena mtu yeyote mama, wala dada. Akitaka chai alisukuma kikombe chake katikati ya meza, akangoja kuona nani atainuka.

Nerima na mamake waliinuka pamoja. Wakatazamana, wakaketi pamoja. Chai ikapoa kwa birika.