Maoni ya Wateja wa Shangazi

Kazi yangu ilikuwa kuyafanya maduka manne ya miwani ya baba mdogo yaonekane kwenye simu za watu. Mtu akitafuta duka la miwani lililo karibu naye, mimi ndiye niliyehakikisha kwamba jina limeandikwa vilevile kwa matawi yote, namba ya simu inaita, saa za kufungua ni za kweli, na alama ya duka kwenye ramani imekaa mlangoni, si katikati ya barabara. Mtu akilalamika, nilimjibu kwa upole. Kazi hiyo ilinifaa. Niliweza kuwapokea wateja kutwa nzima bila kumtazama mtu hata mmoja usoni.

Meza yangu ilikuwa nyuma ya tawi kuu, imeegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha kukatia lenzi. Fundi wa lenzi akiwasha mashine yake, maji yalitetemeka kwenye kikombe changu. Aliniita Bibi Ramani. Kila asubuhi alichungulia na kuuliza, "Bibi Ramani, leo tupo wapi?" Nikimjibu kwamba tupo palepale, alisema tumshukuru Mungu, kisha akarudi kwenye vumbi lake.

Matawi matatu hayakunisumbua. Yalikuwa kwenye barabara kubwa, yana vioo virefu na picha zake zilipendeza. La nne lilikuwa la shangazi, dada yake baba mdogo, kwenye kichochoro nyuma ya hospitali. Lilikuwa chumba kimoja tu: kabati la fremu, benchi, na meza ndogo ambapo shangazi aliketi na bisibisi yake nyembamba kama sindano. Ripoti ya kila mwezi ilionyesha ni watu wangapi waliopiga simu kutokea kwenye ramani, na wangapi walioomba kuelekezwa njia. Mstari wa tawi la shangazi ulitambaa chini kabisa ya ukurasa, kama mdudu anayeogopa kukanyagwa.

Siku moja baba mdogo aliniita ofisini kwake.

"Mwanangu, mkataba wa kule kwa Dada unaisha mwisho wa mwezi. Nakuuliza wewe kwa sababu ndiye unayeona. Kuna anayelitafuta lile duka?"

"Wateja wapo, baba mdogo."

"Sijauliza kama wapo. Nimeuliza kama wanalitafuta."

Nilitazama viatu vyangu.

"Basi," alisema, wala hakuwa mkali. "Ripoti ya mwezi huu ndiyo itakayoamua. Ikipanda, nasaini mkataba mpya. Ikilala kama inavyolala, tunafunga, na Dada anakuja kukaa hapa na sisi mapokezi. Nitampa kiti chenye mgongo mzuri."

Hilo la kiti alikuwa amelifikiria kweli. Shangazi ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kupima macho ya watu, na baba mdogo hajawahi kulisahau hilo. Lakini ana maduka manne na kichwa kimoja, na kichwa hicho kilikuwa kimechoka.

Nilikwenda kwa shangazi mchana uleule. Nilimkuta akipasha moto mkono wa fremu juu ya bakuli la maji yanayofuka, akiupinda kidogo kidogo kwa vidole. Benchi lilikuwa limejaa. Katikati alikaa dereva mstaafu wa magari ya wagonjwa, ambaye kila mtu alimwita Mzee Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia.

Nilimweleza shangazi kwa sauti ndogo. Mzee Redio alisikia yote.

"Kwa hiyo wanataka tukutafute kwenye simu," alisema, "wakati tunajua ulipo?"

"Ndiyo, mzee."

"Binti, miwani yangu ikivunjika, hiyo simu nitaionaje? Nakuja kwa miguu. Miguu yangu haivai miwani."

Benchi zima lilicheka, na mimi nikacheka. Shangazi peke yake hakucheka. Aliinua ile fremu kwenye mwanga, akaitazama imenyooka.

"Mimi mapokezi nitafanya nini, mwanangu?" aliniuliza. "Mtu akinipa miwani yake, nimwambie aende nyuma akaonane na fundi?"

"Ndivyo wanavyofanya, shangazi."

"Hata kama ni skrubu tu?"

"Hata kama ni skrubu."

Alichukua fremu nyingine akaiweka juu ya mvuke. Nami nikajua kwamba nisipofanya jambo, nitakuwa nimemwona akizama nikiwa nimekaa ufukoni na kompyuta mapajani.

Chuoni tulifundishwa kwamba duka lenye maoni mengi ya wateja hupandishwa juu kwenye orodha, na lililopanda juu hupigiwa simu. Tawi la shangazi lilikuwa na maoni ya mtu mmoja tu, nyota moja, aliyelalamika kwamba amenyolewa vibaya. Alimaanisha kinyozi wa mlango wa pili. Nilikuwa nimewaandikia wenye ramani kuomba yaondolewe, nao wakanijibu kwamba hayakuvunja kanuni yoyote.

Nikamwomba shangazi awaambie wateja wake waandike maoni. Nilisema iwe polepole, mmoja leo, mwingine keshokutwa, kila mtu kwa simu yake akiwa kwake. Nafikiri niliyasema hayo ya mwisho kwa sauti ndogo mno. Tena shangazi hajui kuomba mtu mmoja mmoja. Shangazi akiomba, anaalika.

Jumamosi nilipofika, kichochoro kilikuwa kimejaa watu. Kinyozi alikuwa ametoa viti vyake vyote nje. Wateja wa shangazi walikuja wamevaa nguo za kutokea, wengine wameshikwa mkono na wajukuu. Wapo waliokuwa na simu walizonunuliwa na watoto wao lakini hazina hata chembe ya data. Wapo waliokuwa na akaunti wasizojua nywila zake, maana waliozifungua walishahama nyumbani. Nilisimama mlangoni nikijua jinsi kanuni zinavyoyashuku maoni yanayotoka mahali pamoja kwa siku moja. Nilipaswa kuwarudisha makwao.

Lakini kila neno walilokuja nalo lilikuwa la kweli. Nilijiambia kwamba ukweli una sura yake, na kwamba hata mashine itaitambua. Nikawaunganisha wote kwenye waifai ya duka, nikawafungulia akaunti mpya, na wao wakisema, mimi nikawaandikia.

Mama mmoja mwenye uso mpana alisema, "Andika: huyu dada anaijua pua yangu."

"Mama, watu hawataelewa."

"Mwenye pua kama yangu ataelewa."

Nikaandika. Mwalimu mstaafu alitaka isemwe kwamba shangazi alimfuata nyumbani kumpimia macho alipokuwa haamki kitandani. Muuza magazeti alisema miwani yake ina umri mkubwa kuliko mtoto wake wa mwisho, na imepona mara nyingi zaidi. Mzee Redio alipopewa nafasi alianzia mbali, enzi za gari lake la kwanza, hadi mtu wa nyuma akaita, "Jamani, Redio, weka tangazo la biashara basi tupumue."

"Tangazo lenyewe ndilo hili," alisema, akaendelea.

Jioni, walipokwisha kuondoka, shangazi aliniomba nimsomee yote. Nikasoma. Nyota zilikuwa zimejaa mstari mzima. Alinisikiliza akiwa ameweka mikono mezani, na nilipomaliza aliniomba nirudie yale ya pua.

Jumatatu asubuhi duka halikuwepo.

Nilidhani mtandao ni mbovu. Nikatafuta kwa jina, nikatafuta kwa namba, nikaivuta ramani mpaka kichochoro kikaonekana chote, paa kwa paa. Kinyozi alikuwepo. Hospitali ilikuwepo. Hapo katikati pa shangazi palikuwa peupe. Kwenye barua pepe nikakuta ujumbe kwamba wameona dalili za maoni ya kughushi, wameyafuta yote, na wameliondoa duka mpaka lithibitishwe kuwa lipo kweli. Hata yule aliyenyolewa vibaya alikuwa amefutwa.

Walitaka leseni ya biashara yenye anwani ya kichochoroni, au bili ya umeme yenye jina letu, au barua ya mwenye nyumba. Leseni yetu ilikuwa na anwani ya tawi kuu. Bili ya umeme ilikuwa na jina la mwenye nyumba. Nikamfuata mwenye nyumba, nikasimama mbele yake na maneno niliyokuwa nimeyakariri njia nzima.

"Barua nitaandika," alisema, "mkishasaini mkataba mpya. Siwezi kumthibitisha mpangaji ambaye hata sijui kama atakuwepo."

Baba mdogo naye asingesaini mpaka ripoti ipande. Na ripoti isingepanda wakati duka halipo kwenye ramani. Nililizunguka jambo hilo kichwani usiku na mchana nikitafuta pa kuingilia, sikupaona.

Nikajaribu video, maana nayo iliruhusiwa. Shangazi alijifunga kilemba kizuri. Nilianza kupiga tangu mwanzo wa kichochoro, nikaonyesha ukuta wa hospitali, kibao cha duka, kisha shangazi akifungua kufuli kwa ufunguo wake na kuingia. Aligeuka na kuitazama kamera kama vile ni mtu aliyechelewa kufika.

"Mwaniona?" aliiuliza.

Majibu yalirudi haraka kuliko urefu wa video yenyewe. Walisema wameipitia rufaa yetu kwa makini, na uamuzi wao hautabadilika.

Siku ya ripoti niliichapa na kuipeleka ofisini. Baba mdogo alipitisha kidole kwenye mistari, akafika chini.

"La nne liko wapi?"

Nikamweleza yote, tangu viti vya kinyozi hadi video.

"Wale watu wote walikuwa wateja wa kweli?"

"Wote, baba mdogo."

"Uliwaeleza hivyo hao wenye ramani?"

"Niliwaeleza."

Aliikunja karatasi.

"Sasa wakianza kutushuku na haya matatu yaliyobaki?" alisema. "Mimi nitawaambia nini wafanyakazi?" Kisha akaniambia nilitoe tawi la nne kwenye akaunti yetu, lisije likayachafua mengine. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Nilirudi mezani kwangu nikafanya alivyosema. Nilitaka angalau niache maneno mafupi, kwamba duka limefungwa na shangazi anapatikana tawi kuu, lakini hapakuwa na pa kuyaweka. Duka ambalo halipo haliwezi kuhama.

Siku ile fundi wa lenzi hakuchungulia wala kuuliza tupo wapi. Nadhani habari zilikuwa zimeshamfikia.

Shangazi alikuja mapokezi mwanzoni mwa mwezi. Alipewa fulana yenye nembo, na kiti kweli kilikuwa na mgongo mzuri. Bisibisi yake aliiweka kwenye mkoba, na mkoba akauweka miguuni. Wateja wake tuliwaambia wale tuliowaona. Kufika barabara kubwa kulihitaji kupanda gari na kushuka, na kuvuka mahali ambapo magari hayasimami. Mwalimu mstaafu alikuja mara moja, akakuta foleni, akaondoka. Mzee Redio sikumwona tena. Nilisikia kwamba miwani yake ameifunga kwa uzi.

Wiki ya pili maoni mapya yaliingia kwenye tawi kuu. Nyota moja. Mteja aliandika kwamba mama wa mapokezi amemvua miwani usoni bila ruhusa, akaipinda kwa mikono, akamvika tena, na kwamba duka la hadhi hii lina wajibu wa kuwafundisha watu wake. Wenye ramani walikuwa wameyaweka juu kabisa, kwa sababu yalikuwa mapya na ya kina.

Baba mdogo aliyasoma akiwa amesimama nyuma yangu.

"Mjibu vizuri," alisema. Alifika mlangoni akasimama. "Na umwambie Dada. Mimi siwezi."

Nilitoka mbele. Shangazi alikuwa amekaa wima, akiwatazama watu wanaopita nje ya kioo, kila mmoja na miwani yake. Nikainama karibu na sikio lake nikamwambia, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutumia, kwamba asiwaguse wateja.

Alisikiliza. Akaiondoa mikono yake juu ya kaunta na kuiweka mapajani.

"Ilikuwa imemwelemea upande wa kushoto," alisema. "Ilikuwa inamkata nyuma ya sikio, masikini, na hajui. Ameandika kwamba bado inamuuma?"

"Hakuandika hilo, shangazi."

"Basi imemkaa."

Nikarudi mezani. Nikaandika kwamba tunamshukuru kwa kutueleza, tunamwomba radhi kwa usumbufu alioupata, na tumeshazungumza na mhusika. Wenye ramani walilipitisha jibu langu papo hapo.