Vijiko Vitatu vya Maji

Vilikuwa vijiko vitatu tu vya maji, tena yaliyochemshwa yakapoa. Niliyatia kwenye chupa ya maziwa yangu, nikafunga kifuniko, nikaitikisa kidogo. Maziwa yakapanda mpaka kwenye mstari. Nikajiambia, nani atajua?

Miezi miwili kabla ya hapo nilijifungua kabla ya miezi kutimia, mtoto njiti wa kiume, hafikii hata mfuko wa sukari wa kilo moja. Aliishi siku tano. Siku ya sita maziwa yakanijaa, yakalowesha gauni nililovaa kumzikia. Jamani, kifua hakipewi taarifa za msiba.

Baba yake alirudi kwenye kazi yake ya safari, wiki tatu huko, siku mbili nyumbani. Nikabaki mimi na saa ya ukutani. Ndipo nesi mkuu wa wadi ya njiti, mama mmoja mnene, mkali, aliyefunga miwani yake kwa uzi, akanipigia simu.

"Pole, mama. Naona aibu hata kukuuliza. Kuna watoto hapa mama zao hawana maziwa. Ungeweza kuwakamulia?"

Watu waliniita mwema. Wema gani! Nilikubali kwa sababu alimalizia, "Basi kesho saa nne nakungoja." Duniani kote hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiningoja.

Ikawa kila asubuhi chumba kidogo kando ya wadi, kiti cha plastiki, na pampu ya kukamulia iliyokoroma kama mjomba aliyeshiba. Chupa iliandikwa namba yangu na tarehe, basi. Maziwa yalipashwa moto kuua vijidudu, kisha yakapita kwenye mpira mwembamba puani mwa mtoto nisiyemjua. Kanuni ilikuwa moja: mtoaji haambiwi nani amekunywa. Lakini mdomo wangu nao hautulii.

"Sista, leo amekunywa nani?"

"Mwenye njaa."

Tunacheka. Kicheko hicho ndicho nilichorudi nacho nyumbani.

"Wewe, utalea watoto wa watu mpaka lini?" shangazi alinifokea kwenye simu.

"Mpaka yaishe," nikamjibu kwa ujeuri.

Kumbe yalikuwa yanaisha kweli. Chupa ikawa nusu, ikawa robo. Nesi alikwishanieleza kwamba nikishindwa kufika mstari wa kwanza, kazi yangu itakuwa imekwisha. Niliogopa kuliko nilivyoogopa leba. Siku maziwa yalipogoma chini ya mstari, nikaiona thamosi ya maji mezani, na kijiko kando yake.

Nesi aliipokea chupa, akaiweka kwenye sinia pamoja na nyingine, akaanza kuondoka nayo. Kupitia kioo cha mlango nikamwona mtoto ndani ya sanduku lake la joto, mpira puani, ngumi imekunjwa. Wangu naye alipewa hivyo hivyo, nami nikihesabu kila tone. Mungu wangu, na mimi nimemtilia huyu maji!

"Sista! Usiipeleke. Nimetia maji."

Akasimama. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu haikufika hata mlangoni. Alirudi, akaimimina chupa yote kwenye sinki, akaiosha kwa mikono yake mwenyewe. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Yamekauka?"

"Yamekauka."

Nikalia pale pale, kwa sauti, bila haya. Aliniacha nilie. Kisha akafungua daftari lake kubwa, akashusha kidole kwenye namba yangu ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikihesabu.

"Mimi sijakwambia," alisema. "Waliokunywa ya kwako ni kumi na mmoja. Tisa wamekwenda nyumbani."

Wale wawili sikuuliza.

"Kesho..." nikaanza.

"Kesho pumzika, mwanangu."

Kesho yake ilipofika saa nne nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu. Nilikaa navyo kitandani mpaka mchana.

Ni miaka tisa sasa, na mtoto mwingine sikujaliwa. Watoto wa rika la wale waliokunywa hupita mbele ya nyumba yangu wakitoka shule, wanasukumana, wanapiga mayowe, na majirani wanawafokea. Mimi hufungua dirisha.