Mfuniko Kando ya Chemchemi

Maji yalipanda futi thelathini, yakasita kidogo angani, kisha yakaporomokea mgongo wa samaki wa mawe. Wageni wakapiga makofi. Mjane hakupiga. Alisimama nyuma ya kundi, mkoba ameubana kwapani, macho yake kwenye mfuniko wa chuma uliolala nyasini, hatua kumi kutoka ukingo wa bwawa.

Chini ya mfuniko ule ndimo alimofia mumewe, miezi mitano iliyopita.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa chemchemi saba za bustani hii kongwe, akizijua kama mzazi anavyowajua wanawe: ipi hukohoa asubuhi, ipi hupaliwa na majani makavu. Siku ile alishuka kwenye chumba cha pampu kuzibua chujio. Hewa mbovu ikamlewesha, akaanguka kifudifudi kwenye maji yasiyofika magotini. Uongozi ulimwandikia mjane barua ya mistari minne. Ilisema marehemu alikiuka utaratibu. Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba, halimezeki wala halitemeki. Ndiyo maana leo alikata tiketi kama mgeni yeyote, aje alione shimo lenyewe.

Mwongozaji, mwanamke mchangamfu mwenye mwavuli mwekundu, alieleza habari za tajiri wa kale aliyeijenga chemchemi ile kumfurahisha mchumba wake. Kuhusu mfuniko hakutia neno. Kundi likasogea kwenye bwawa jingine. Mjane akabaki.

Hapo ndipo alipotokea fundi aliyekuwa akifanya kazi na mumewe, sanduku la vifaa mkononi, kamba imezungushwa kiunoni. Alipomtambua, akavua kofia.

“Shemeji,” akasema.

Mjane hakuzunguka mbuyu. Akamuuliza ni utaratibu gani mumewe alioukiuka.

Fundi akaliweka sanduku chini. Kisha akaeleza, polepole, kwamba kazi ile ni ya watu wawili: mmoja hushuka, mwenzake hukaa juu akimwita. Siku ile aliyekaa juu alikuwa yeye. Meneja akamwita akapange viti vya wageni. Marehemu akamwambia aende tu, ni kazi ya dakika kumi. Viti vilimchukua nusu saa. Baadaye akatia saini karatasi iliyosema kwamba marehemu alishuka bila kumwarifu mtu.

“Niliogopa kibarua kisije kikaota nyasi,” alisema. “Nina watoto, shemeji.”

Miezi mitano mjane alikuwa ameyanoa maneno ya siku kama hii. Sasa aliyaweka kando. Nyuma yao chemchemi ikakohoa, maji yakashuka hadi usawa wa kiuno.

“Leo unashuka na nani?”

“Peke yangu. Hawajaajiri mwingine.”

Angeweza kuondoka. Wazo la kumwachia lile shimo, naye alionje, lilimjia, na hakulifukuza upesi; alilitazama kama mtu anavyotazama kisu cha jirani. Kisha akauweka mkoba nyasini na kupiga magoti.

“Ile karatasi utaiandika upya, kwa mkono wako,” alisema. “Ukishapanda. Nipe kamba.”

Fundi akazima pampu, akauinua mfuniko. Harufu ya tope na kutu ikampiga mjane usoni. Hewa ya mwisho aliyoivuta mumewe. Fundi akasubiri shimo lipumue, kisha akashuka ngazi, kichwa kikamezwa na giza. Bustani nzima ikanyamaza. Mjane akamwita, akaitika. Akamwita tena, akaitika, sauti ikiwa mbali zaidi.

Mara ya tatu hakusikia kitu. Akaizungusha kamba kiganjani, akainama, akaita kwa nguvu zake zote, na lililomtoka lilikuwa jina la mumewe.

Kutoka chini, baada ya kitambo, fundi akaliitikia.