Hodi ya Tatu

Jumatatu saa tatu na robo asubuhi Fundi aliweka kikombe cha chai juu ya daftari la mahudhurio, akawasha kompyuta, akakuta seva ya tatu imekufa. Hakushtuka. Ilikuwa imekufa Ijumaa pia, na Alhamisi, na ukifuata ripoti ilikuwa inakufa kila asubuhi kwa siku kumi na tisa, huku ikiendelea na kazi.

Ofisi ya usajili ilikuwa na seva tatu. Zilikuwa winguni, kama wanavyosema, yaani katika jengo la watu wengine huko mbali, ambalo hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuliona. Humo ndimo walimoandikwa watu wa mji mzima: aliyezaliwa, aliyeoa, aliyekufa. Seva ya kwanza na ya pili ziliandika watu wa mjini, ya tatu watu wa ng'ambo ya reli, kisha zikapashana habari ili vitabu vyote vitatu vifanane. Kila sekunde zilibishiana hodi kujuliana hali. Mwenye adabu anajua kwamba hodi ni tatu, usipoitikiwa, unaondoka. Seva nazo zilifundishwa adabu hiyo, ila waliozitengeneza waliongeza neno lao: asiyesikika mara tatu ahesabiwe amekufa. Na zikitofautiana, wengi wape.

Sasa mbili zilisema ya tatu haipo, na ya tatu ilisema ipo. Hayo ni mambo ya mashine, na Fundi angeyavumilia kama yangeishia huko. Lakini tangu siku ile ya kwanza watu wa ng'ambo ya reli walikuwa hawasikiki mjini. Kwao walizungumza vizuri, wakaimba, wakagombana. Wakivuka reli, midomo ilicheza bila sauti. Wao walisikia kila walichoambiwa. Barua zao zilifika nyeupe. Sokoni walinunua vitu kwa kunyoosha kidole, na wauzaji wakasema watu wa ng'ambo siku hizi wana maringo, hata salamu hawatoi.

Mama mdogo wake Fundi alikaa ng'ambo. Alikuwa mwandika mabango, na nusu ya maduka ya mji yalisomeka kwa mkono wake. Yeye ndiye aliyemfundisha Fundi kusoma, kwa brashi, herufi moja ukutani kila jioni. Mama yake Fundi alikaa mjini na cherehani yake, na kila siku saa nne dada hawa wawili walipigiana simu kusemana vibaya na kucheka. Fundi aliwapenda wote wawili, na hakuweza kupata usingizi mzuri tangu waache kusemana.

"Simu inalia, napokea, kimya," mama alikuwa amemwambia Jumapili, uzi ukiwa mdomoni. "Mtu unampigia mwenzako simu ili umpumulie?"

"Labda ni mtandao, mama."

"Mtandao gani unaochagua ndugu? Ameolewa, unajua? Na yule fundi saa, Dakika. Muuza mkate ndiye aliyeniambia, alimwona na pete. Muuza mkate! Mimi niliyembeba mgongoni mpaka nikapinda, nayapata pamoja na mkate."

"Pengine alikuja kukuambia."

"Alikuja wapi? Mlango wangu si wa kupigwa hodi? Kwangu huyo amekufa." Kisha aliendelea kushona kola, na mshono ukaenda upande.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo Fundi hakuinuka kitini. Aliita seva ya tatu kutoka ya kwanza: kimya. Aliita kutoka ya pili: kimya. Akaingia ndani ya ya tatu yenyewe kwa njia ya uani, ile ya mafundi, akaikuta nzima, ina nafasi tele, na saa yake haijapotea hata nukta. Kutoka huko aliita ya kwanza. Maneno yalitoka vizuri, yakasafiri, yakafika kwenye ukuta wa usalama unaozilinda seva za mjini, yakakoma. Akaanza kujaribu milango ya ukuta mmoja mmoja, na alipofika wa thelathini na nane akakumbuka.

Ulikuwapo waraka. Ulisema milango yote isiyojulikana kazi yake ifungwe kwa usalama. Mbele ya mlango wa thelathini na nane hapakuwa na maelezo yoyote, kwa sababu aliyeufungua zamani aliona kazi yake inajulikana. Ulikuwa mlango wa kuingilia hodi za seva ya tatu. Aliyeufunga ni Fundi mwenyewe, siku kumi na tisa zilizopita, kabla ya chai. Alipata aibu ya mtu aliyegombeza nyumba nzima kwa ajili ya miwani, kumbe iko kichwani kwake.

Kabla ya kugusa kitu alifungua kumbukumbu za seva ya tatu, kama kazi inavyotaka. Zilikuwa mistari mirefu, sekunde kwa sekunde: Hodi, hakuna jibu. Hodi, hakuna jibu. Aliteremka nayo, siku baada ya siku, na katikati ya hodi za mashine akakuta za watu. Mgonjwa alikuwa amesema mbele ya dirisha la zahanati panapomuuma. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameitika "Nipo" asubuhi kumi na mbili mfululizo, na mwalimu amemwandika hayupo. Kisha akafika Jumanne ya wiki ya kwanza.

Saa nne na dakika kumi na nne. Hodi, dada. Hakuna jibu.

Saa nne na dakika kumi na tano. Hodi, ni mimi. Nimekuja kukuomba unisimamie Jumamosi. Hakuna jibu.

Saa nne na dakika kumi na saba. Hodi. Naona mguu wako unakanyaga cherehani. Hakuna jibu. Anaondoka.

Fundi aliuchapa ukurasa huo, akaukunja, akaenda kwa Mkuu wa Kitengo. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza kwanza goti la mama linaendeleaje.

"Mlango nimeufunga mimi, Mkuu," Fundi alisema. "Naomba kuufungua, ila naomba na wiki moja."

"Mlango unafunguliwa kwa wiki?"

"Nikiufungua tu, seva zitalinganisha vitabu. Mbili zitasema ng'ambo hakuna kilichotokea siku zote hizi, na ya tatu itafutwa ifanane nazo. Nipe wiki niwafuate watu, niandike upya yaliyotokea."

Mkuu alifungua jalada la malalamiko. "Kwani kuna aliyelalamika?"

"Hawasikiki, Mkuu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Kuna lalamiko lililosikika?" Alimgeuzia jalada. Lilikuwa jalada tu, bila karatasi hata moja. "Wengi wape, Fundi. Saa sita iwe tayari."

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Fundi alitembea haraka mpaka nyumbani, akampa mama karatasi. Mama alivaa miwani, akasoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Mguu wangu aliuona?"

"Aliuona, mama."

Mama aliutazama mguu huo. Kisha aliifunika cherehani, ingawa kola saba zilikuwa zinamsubiri, akakaa amelishika paja lake kwa mikono miwili. Fundi alimweleza kitakachotokea saa sita. Mama alisema, "Basi ngoja nisome mara ya tatu."

Saa sita kamili Fundi alikuwa amerudi mbele ya kompyuta. Alilia kidogo, akafuta macho kwa mkono wa blauzi, akaufungua mlango. Alimfikiria yule mwanafunzi wa "Nipo". Seva ya tatu ilibisha hodi, mbili zikaitika karibu, vitabu vikalinganishwa, na kwa sekunde nne ng'ambo ikafanana na mjini. Karatasi ya mama ikawa nyeupe mikononi mwake.

Wanawake waliojifungua siku zile walijikuta na mimba tena, wakajifungua upya wiki hiyo, wakilalamika kwa sauti, na safari hii wakasikika. Marehemu watatu walirudi nyumbani, wakaambiwa wasubiri, wakakaa barazani. Dakika alikusanya vifaa vyake vya saa mezani kwa mama mdogo, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema hajui amefikaje pale. Mama mdogo alimsaidia kubeba taa. Hakuna aliyelia, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulilia.

Alasiri Mkuu aliandika ripoti. Walioathirika: hakuna. Kesho yake foleni ya watu wa ng'ambo ilizunguka ofisi mara mbili. Walisema waziwazi kwamba kuna kitu wamepoteza, ila hawakikumbuki, wakajibiwa kwa upole kwamba kwenye mfumo hakipo. Mwanafunzi alikuja na mzazi wake. Siku zake kumi na mbili zilibaki za utoro. Kanuni haikubadilishwa. Seva ya tatu ilibaki moja, na za mjini mbili.

Jumanne hiyo Fundi aliomba ruhusa, akavuka reli na mama yake. Saa nne na dakika kumi na nne walikuwa mlangoni.

"Hodi!" mama alisema.

"Dada! Karibu, karibu! Umepotea wewe, nilidhani umeninunia!" Sauti ya mama mdogo ilijaa uani.

"Ninune, nina kola saba za kushona?" Mama alimkumbatia, akamshika kidole cha pete. Kilikuwa kitupu. Mama mdogo naye alikitazama, kana kwamba anajaribu kukumbuka alikotundika ufunguo.

"Mbona unanishika hivyo?"

"Nakuangalia tu, mdogo wangu."

Walikaa kwenye mkeka, na mama mdogo akaingia ndani kuchemsha chai. Nje ya ua alipita Dakika na sanduku lake la vifaa. Muuza mkate alisema baadaye kwamba tangu asubuhi mzee huyo alikuwa amepita pale mara tano, kila mara akitoka upande ule ule.

"Shemeji!" mama aliita.

Dakika alisimama, akageuka kuona kama nyuma yake kuna mtu mwingine. Hapakuwa na mtu.

"Ndiyo, wewe. Unakwenda wapi na jua lote hili, shemeji?"

Mzee aliliweka sanduku chini. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa saa na hakuvaa yake.

"Sijui, shemeji," alisema.

"Basi kaa."

Alikaa ukingoni mwa mkeka. Katika vitabu vyote vitatu, ambavyo sasa vilifanana neno kwa neno, yeye na mwenye nyumba walikuwa hawajuani. Mama mdogo alitoka na sinia, na Fundi akavihesabu vikombe. Vilikuwa vinne.